Mtoto Mdogo na Safari ya Kwenda kwa Nyanya

Katika kituo chochote kikubwa cha mabasi mjini Nairobi, mwanzoni mwa Januari, msomaji aweza kuona jambo lisilomshangaza mtu kwa kuwa limezoeleka. Wapagazi wapandisha mizigo juu ya basi: magodoro, masufuria, masanduku ya bati ya wanafunzi. Kila mzigo una bei yake. Lakini yuko abiria mmoja asiyelipa nauli, kwa sababu amepakatwa. Ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu, au wa miaka miwili, naye anapelekwa kwa nyanya yake mashambani. Mama yake atalala huko siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu, mtoto akiwa angali usingizini, mama atachukua mkoba wake na kuondoka kwa kunyata, ili asimsikie mtoto akilia.

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu machache juu ya alfajiri hiyo: imetoka wapi, humfanya nini mtoto, na namna ya kuifanya iwe nyepesi kwake pale isipoweza kuepukwa.

Makala hii haikuandikwa ili kuwalaumu akina mama. Mwanamke afanyaye kazi mjini, akaaye katika chumba kimoja cha kupanga, hana njia nyingi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba humpa majuma mawili. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Msomaji atoe hesabu mwenyewe aone pengo lililobaki. Ni kweli kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha kazini. Lakini mwanamke auzaye mboga sokoni, au afuaye nguo za watu kwa kibarua cha siku, hana likizo wala mahali hapo. Basi humfikiria nyanya, na hapana ajabu katika jambo hilo, kwani watu wa nchi hii wamewategemea akina nyanya tangu zamani.

Hata hivyo yafaa tuitazame vizuri desturi hiyo ya zamani, kwa maana wengi huitaja bila kukumbuka ilivyokuwa.

Zamani kwa nyanya palikuwa wapi?

Miongoni mwa Wajaluo, katika boma la mtu mzima palikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe. Ilikuwa nyumba ya nyanya. Wasichana na watoto wadogo walilala humo, wakasimuliwa hadithi na kufundishwa vitendawili na adabu mpaka usingizi ukawachukua. Baba alikuwa na duol yake, mahali pa wanaume kukaa na kuota moto. Miongoni mwa Wakikuyu vivyo hivyo mwanamume alikuwa na thingira yake, na kila mke alikuwa na nyumba yake, ambamo watoto wadogo walilala karibu na mama. Nao Wakikuyu humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu yake mzaa baba, hata mzee na mtoto huyo huhesabiwa kama mtu na mwenzake, wakataniana kama watu wa rika moja.

Basi mtoto wa zamani hakukaa na mama peke yake. Alikuwa na milango mingi ya kuingilia. Lakini milango hiyo yote ilitazama ua mmoja. Mtoto aliyelala siwindhe alimwona mama yake asubuhi akitoka na mtungi. Akiumwa usiku, mama aliitwa naye akafika kabla mtoto hajanyamaza. Alipoachishwa ziwa na kupelekwa kwa nyanya, alipelekwa hatua thelathini au arobaini, na kesho yake aliweza kurudi mwenyewe kwa miguu yake, akakemewa, akacheka, akarudishwa. Neno tulitumialo leo ni lile lile, "kwa nyanya", lakini zile hatua arobaini zimekuwa usiku mzima katika basi.

Umbali huo haukuzuka wenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na wanaume wakalazimika kwenda kutafuta fedha za kuilipa. Mjini mwanamume alipewa mahali pa kulaza ubavu, hakupewa nyumba, na mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke, kana kwamba watoto wake hawali. Mitaa iliyokusudiwa kukaa mtu pamoja na jamaa yake, kama Kaloleni uliojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa michache mno. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ndiyo iliyoshauri kwamba mshahara wa mfanyakazi Mwafrika upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Shauri lilikuwa jema, lakini kufikia hapo nusu karne ilikuwa imekwisha kupita, na jamaa zilikuwa zimekwisha kujifunza kuishi vipande vipande.

Katika kizazi cha kwanza baba ndiye aliyekuwa mbali, na mtoto alibaki na mama yake shambani. Katika vizazi vilivyofuata mama naye alikwenda mjini, na sasa mtoto ndiye anayerudishwa.

Mambo yaliyoonekana karibu na Kampala

Mwaka 1954 alifika Kampala mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeitwa Mary Ainsworth. Mume wake alikuwa amepata kazi Makerere. Mama huyu alisikia kwamba Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa nyanya anapoachishwa ziwa, ili alisahau titi, naye alitaka kujua mtoto huathirika namna gani. Alipofika vijijini akakuta kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Badala ya kufunga mizigo, alikaa akatazama. Kwa muda wa miezi tisa hivi aliyatembelea makao 26, takriban kila baada ya majuma mawili, pamoja na mkalimani wake, akawatazama watoto 28. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mengi yanayofundishwa leo ulimwenguni juu ya mtoto na mlezi wake yalianzia katika nyumba zile za migomba.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto aanzapo kutambaa humfanya mama yake kuwa kama kituo. Huenda mbele kidogo, akashika hiki na kile, kisha hugeuka kumtazama mama kama yupo. Akimwona, huendelea. Asipomwona, huacha mchezo wote. Aliona tena kwamba wale watoto ambao mama zao walikuwa wepesi wa kuzitambua dalili zao, na wenye mengi ya kusimulia juu yao, walilia kidogo na kucheza zaidi. Wala mama hakuwa peke yake. Wengi wa watoto hao walikuwa wamewashika pia baba, nyanya, au ndugu zao wakubwa, wakawafurahia warudipo.

Jambo hili la mwisho lilipata nguvu hapa kwetu Kenya katika miaka ya 1970, wakati Herbert na Gloria Leiderman walipowachunguza watoto wachanga wa Kikuyu katika kijiji kisicho mbali na Nairobi. Baadhi yao walilelewa na mama peke yake, na wengine walilelewa na mama akisaidiwa na mlezi mwingine wa kila siku. Hao wa pili walishikamana na wote wawili. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mtoto mchanga hana budi kuwa na mama yake tu, na kwamba mikono mingine yote ni ya kuazima, hasemi kweli. Mtoto aweza kuwapenda walezi wawili au watatu. Asichoweza ni kubadilishiwa wote kwa siku moja.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, nao hukosea kwa sababu ya dalili moja inayodanganya. Nyanya hupiga simu na kusema, "Alilia siku tatu tu, sasa ametulia, hata hakutaji." Mama hufurahi, ingawa moyo wamchoma kidogo. Mwaka 1952 Mskoti aliyeitwa James Robertson alitoa filamu juu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitali mjini London kwa siku nane, wakati ambapo wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto wao wodini. Robertson aliwatazama watoto wengi wa namna hiyo akaona kwamba hupita katika hali tatu. Kwanza mtoto hulia na kutafuta. Kisha hunyong'onyea, hana hamu ya kula wala kucheza. Mwishowe huchangamka tena, lakini mama yake ajapo humtazama kama mgeni. Hali hiyo ya tatu ndiyo wauguzi walioisifu wakisema amezoea. Filamu ile iliwaudhi madaktari wengi, lakini baadaye ilisaidia kuifungua milango ya wodi za watoto kwa wazazi. Basi mtoto kunyamaza si ushahidi kwamba yote ni salama. Ushahidi ulio bora ni kwamba anakula, analala, anacheza, na kwamba yuko mtu mmoja katika boma lile ambaye humkimbilia anapojikwaa.

Tena liko jambo la chakula. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto uliowavimbisha miguu, ukawachubua ngozi na kuzibadili nywele zao rangi. Mwaka 1935 aliandika tena, akautaja kwa jina ambalo Waga wa huko waliuita: kwashiakoo. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayezaliwa. Wenyeji walikuwa wameona kabla ya madaktari kwamba ugonjwa huu hufuata ziwa linapokatika, wakati mtoto apewapo uji mtupu au muhogo mahali pa maziwa ya mama. Sasa mpime mtoto wa safari yetu. Katika juma moja amenyimwa ziwa, amenyimwa mama, amebadilishiwa kitanda, na amebadilishiwa chakula. Hata mtu mzima angelegea.

Ikiwa hapana budi aende

Kwanza, wazazi wajaribu kutofungamanisha mambo hayo. Ikiwa mtoto ataachishwa ziwa, aachishwe akiwa bado nyumbani kwake, apate mwezi au miwili ya kula vizuri mbele ya macho aliyoyazoea, ndipo safari ifikiriwe. Na kama mimba ya pili ndiyo sababu, afadhali aende mapema, au angoje mpaka mchanga azaliwe naye amzoee kidogo. Akienda juma lile lile mdogo wake anapozaliwa, ataona amefukuzwa, na katika akili yake hatakuwa amekosea sana.

Ikiwezekana, nyanya ndiye aje kwanza. Majuma mawili ya nyanya katika chumba cha mjini ni taabu kwa wote, twajua, hasa kwa baba atakayelala sakafuni. Lakini katika majuma hayo mtoto hujifunza harufu ya nyanya, sauti yake, na namna yake ya kubeba mgongoni, huku mama yake akiwepo. Kisha wasafiri wote watatu. Kama nyanya hawezi kuja, basi mama akae shambani siku nyingi kuliko mbili, na kila siku aache kazi moja zaidi mikononi mwa nyanya: leo kuogesha, kesho kulisha, siku ya nne kulaza.

Liko jambo la lugha ambalo husahauliwa. Mtoto wa Nairobi amejifunza maneno yake ya kwanza kwa Kiswahili cha mtaani. Anapotaka maji husema "maji", lakini nyanya yake huko Siaya husema "pi". Mtoto huomba, haeleweki, hukasirika, naye huitwa mkorofi. Mama aketi na nyanya amweleze maneno yote ya mtoto, hata yale aliyoyabuni mwenyewe: neno lake la uji, neno lake la kwenda choo, wimbo anaolalia. Maneno hayo hayapati ishirini. Kazi ya nusu saa itamwondolea mtoto majuma ya kulia.

Na ile leso ya mama aliyozoea kulalia iende pamoja naye, wala isifuliwe kwanza. Wako watakaocheka. Lakini pua ya mtoto wa miaka miwili yajua mambo mengi kuliko masikio yake.

Kijitabu cha kliniki kisisahauliwe. Katika Kenya mtoto huchanjwa surua mara mbili, akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na watoto wengi husafirishwa katikati ya miezi hiyo. Nyanya asiyekuwa na kijitabu hajui, na mama aliyeko Nairobi hudhani imefanywa. Vitamini A nayo hutolewa kila baada ya miezi sita mpaka mtoto afikapo miaka mitano. Tarehe iliyoandikwa ukutani kwa makaa jikoni kwa nyanya yafaa kuliko ahadi ya simu.

Tumtazame nyanya mwenyewe pia. Wazazi wengi humfikiria kama alivyokuwa alipowalea wao, miaka thelathini iliyopita. Sasa magoti yanauma, maji yako mbali, na huenda mabinti wengine wawili wamekwisha kumletea watoto wao. Mtoto wa miaka miwili akimbilia moto na kisima haraka kuliko mwanamke wa miaka sabini. Si haki kumwachia mzee watoto wanne kisha kumtumia fedha za mtoto mmoja, na hizo zichelewe. Fedha za maharagwe, maziwa na mayai zifike kila mwezi kwa siku inayojulikana, nazo zitajwe kwa jina lake, kwamba ni za chakula cha mtoto fulani, zisije zikalipa karo ya mjomba wake. Nyanya atakayesoma maneno haya atujulishe kama tumesema uongo.

Nao akina baba? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba mama na baba wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Mara nyingi hata hivyo shauri la mtoto aende wapi hufanywa na mama na mama yake kwa simu, na baba huarifiwa tiketi ikiwa imekwisha kukatwa, naye huona ameponea. Kabla ya kusema kwamba hapana njia, hesabu ifanywe na wote wawili: kodi ya chumba, mshahara wa yaya, nauli za kwenda kumtazama mtoto, fedha za kumtumia nyanya. Jamaa nyingine zimeona baada ya hesabu hiyo kwamba kumweka mtoto mjini hakuzidi gharama kwa kiasi kikubwa. Lakini nyingine zimeona vingine, na sisi hatutawashauri wamweke mjini mtoto atakayebadilishiwa yaya kila baada ya miezi mitatu. Kwa maoni yetu mtoto wa namna hiyo, ingawa amlala mama yake ubavuni kila usiku, amepata mlezi haba kuliko mwenzake aliye na nyanya mmoja asiyebadilika.

Na sasa twairudia ile alfajiri. Mama asitoroke. Amwamshe mtoto, amnyweshe uji, amwambie kwa maneno mafupi, "Mama anakwenda kazini. Utakaa na nyanya. Nitarudi." Mtoto atalia, na mama atalia ndani ya basi. Lakini mtoto aliyeagwa hulia akimwona mama akienda, na nyanya yupo wa kumpokea. Aliyetorokwa huamka akakuta kitanda ni kitupu, na kwa majuma mengi baada ya hapo huogopa kulala, kwa kuwa usingizi ndio uliomwibia mama yake. Nyanya wengi watauthibitisha ukweli huu, maana ndio wakeshao nao.

Baada ya hapo mama apige simu siku zile zile za juma, hata kama mtoto hulia akiisikia sauti. Wengine huacha kupiga kwa sababu hiyo. Wasiache. Wala asiahidi kuja Pasaka kama hana hakika ya nauli.

Kurudi kwake

Iko safari ya pili, nayo hutayarishwa kidogo kuliko ya kwanza. Mtoto amefika miaka minne, wakati wa kuanza masomo ya chekechea, na mama amepata chumba kikubwa zaidi. Wote hufurahi isipokuwa mtoto. Yeye amemwita nyanya "mama" kwa miaka miwili, na mama yake humwita kwa jina lake, kama wanavyomwita watu wazima wa boma. Mama akisikia hivyo huumia, na wengine hukasirika, wakamlazimisha mtoto aseme vingine, au wakamlaumu nyanya kwamba ameiba mtoto. Nyanya hakuiba. Alifanya kazi aliyoombwa, na jina lile ndilo cheti chake.

Basi yote yaliyosemwa juu ya kwenda yafanywe tena katika kurudi. Mama aende akakae shambani juma zima kabla ya safari, nyanya asindikize mpaka mjini kama ana nguvu, na simu ya Jumapili sasa ipigwe kutoka upande wa pili, mtoto aisikie sauti ya nyanya yake na kuku wakilia nyuma yake uani. Na ile leso ya kwanza, kama ingalipo, iwekwe sandukuni pamoja na leso moja ya nyanya.